Kiti cha Nyuma

9 Februari

Mdogo wangu Spoku,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi huku tu wazima, labda tuulize habari zako wewe uliyejipeleka mbali. Mama hajambo, ni masikio tu yanayozidi kugoma. Siku hizi ukimsalimu kwa sauti ya kawaida anakujibu habari za mvua. Hushinda mlangoni akichambua mboga na kuwasema wapita njia. Wifi yako yuko na cherehani yake. Sare za shule zimemjaa mpaka kitandani, maana mwalimu mkuu amempa tena kazi yote, sketi na kaptura. Binti yetu bado yuko chuoni na hutukumbuka akiishiwa. Mimi niko kituoni kama kawaida. Zimamoto bila Ngazi si zimamoto, wenyewe ndivyo wanavyosema.

Samahani kwamba simu yangu hunipati. Imeharibika, nikiongea watu hawanisikii. Nami nimeona barua nazo zina raha yake.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi tulikuwa tunaosha gari letu nje ya kituo, wakapita mume na mke juu ya baiskeli moja, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mtu na pedali zake. Vijana wakapiga miluzi. Mimi nikakumbuka kwamba wewe hizo ndizo unazotengeneza huko. Wifi yako, Spoku, hana nguvu siku hizi. Akienda sokoni husimama njiani, pumzi inamwishia. Daktari kasema asikae tu, aichezeshe miguu kila siku ila asijilazimishe. Nikafikiri baiskeli ya namna ile ingetufaa. Mimi mbele, yeye nyuma.

Ninachotaka ni zile ambazo pedali za mbele na za nyuma zinazunguka pamoja. Sababu zangu ninazo. Na tafadhali usimwandikie yeye juu ya jambo hili, hapendi ugonjwa wake uzungumzwe.

Msalimie shemeji. Mwambie drafti yetu haijaisha.

Kaka yako,
Ngazi


4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yangu, kwa sauti. Mimi sijambo. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema kuhusu drafti ajiandae yule aliyefungwa mara ya mwisho, naye si yeye. Baridi imetukaba kidogo lakini karakana ina jiko, na fremu zimening'inia darini kama nyama buchani, hata upepo haupati pa kupita. Tajiri wangu amezeeka, anavaa miwani juu ya miwani, ila bado akigusa tairi kwa kidole anakuambia limepungukiwa.

Habari za wifi zimenihuzunisha. Yule mwanamke niliyemwacha akiinua cherehani peke yake kuifagilia chini, leo sokoni hafiki? Mpe pole.

Baiskeli za watu wawili ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mnyororo mmoja unafunga pedali za mbele na za nyuma. Wa mbele akikanyaga, miguu ya wa nyuma nayo inakwenda, atake asitake. Akichoka, ama mpumzike wote, ama aining'inize miguu hewani na pedali zimpige miundi. Uzuri wake ni nyepesi, haina mambo mengi, na mkiondoka mnaondoka kwa mguu mmoja.

Aina ya pili, kila mtu anajitegemea. Kila mmoja ana mnyororo wake na gia inayozunguka bure asipokanyaga. Mmoja anaweza kwenda mbio na mwenzake taratibu, au mmoja akatulia kabisa akatazama mashamba. Ni nzito zaidi, inadai mafuta, na msipozoeana inayumba, kwa sababu kila mtu ana mdundo wake. Kwenye kona mwangalie, pedali ya mmoja inaweza kuwa chini ikaparuza lami. Lakini kwa mtu anayeishiwa pumzi mimi sina la kufikiri. Ni hiyo ya pili.

Niandikie urefu wa mguu wa kila mmoja kwa upande wa ndani mpaka kisigino, na uzito wenu. Niambie njia mtakayopita ina milima kiasi gani. Na wifi anapochoka, ni magoti au ni kifua?

Halafu kaka, ile baiskeli yako nyeusi yenye keria iko wapi? Si ulikuwa unampakia wifi nyuma na mzigo mbele, unapandisha mlima huku unapiga soga? Kama aliyechoka ni yeye, si umpakie tu?

Mdogo wako


15 Aprili

Spoku,

Marahaba, mdogo wangu. Huku salama. Mama anasema shikamoo yako ameisikia, lakini alivyoniuliza baadaye mvua huko imenyesha kiasi gani, sina hakika. Wifi yako anashona. Alitaka kukuandikia mistari miwili, kazi zikambana.

Vipimo nimevichukua kwa utepe wake, nimeviandika nyuma ya karatasi hii pamoja na uzito. Njia ni tambarare kutoka kwetu mpaka shuleni, inapita mbele ya kituo chetu, halafu ukitoka shuleni kurudi kwa njia ya sokoni kuna mlima mmoja, ule wenye nguzo za umeme unaoujua.

Ile nyeusi nimempa Dereva. Nilishakusimulia habari zake, ndiye anayeendesha gari letu la zimamoto, rafiki yangu kuliko wote pale kituoni. Nilikuwa siitumii.

Umeuliza magoti au kifua. Ni kifua. Si maumivu. Ni kama mtu mzito amekukalia, na hewa iko tele, unaiona inapeperusha nguo kwenye kamba, lakini mlango wa kuingilia umefungwa kwa ndani. Unavuta, inafika kooni inarudi. Kinachotisha zaidi si kukosa hewa, ni kuwaona watu wengine wanapumua bila kujua kwamba wanapumua.

Kuhusu aina, nimekusoma vizuri, nashukuru, ila nataka ile ya kwanza. Watu wana macho. Kwenye hiyo ya kila mtu kujitegemea, mmoja akiacha kukanyaga miguu yake inasimama, na kila aliye kando ya barabara anaona nani anabeba na nani anabebwa. Kwenye ile ya pamoja miguu yote inazunguka, na hakuna ajuaye. Wifi yako ni mtu wa haya. Tumsitiri.

Msalimie shemeji.

Ngazi


6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zinaendelea. Mama na wifi wasalimie.

Nimekaa na barua yako nikaisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji barua ya baiskeli. Uzito ulioniandikia kuwa ni wako, mimi mtu huyo simjui. Kaka yangu alivunja kiti siku ya harusi yangu kwa kukikalia tu. Huyu wa nyuma ya karatasi angekalia kiti hicho mpaka leo kikiwa kizima.

Halafu hayo maneno ya kifua. Wifi hasemi hivyo. Wifi ukimuuliza anaumwa nini, anasema “Ah, kidogo tu,” akaendelea kupinda pindo. Aliyeandika habari za mlango uliofungwa kwa ndani amesimama mwenyewe nyuma ya mlango huo.

Ile ya pedali za pamoja sitakutengenezea. Wiki iliyopita mteja aliturudishia ya kwake. Alimnunulia mkewe anayeugua moyo, akataka waende sawa, na mama wa watu miundi yake ilikuwa imechubuka yote kwa kupigwa na pedali asizoweza kuzifuata. Hakuwahi kusema. Mumewe alikuja kuona damu kwenye soksi.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, nawe unijibu mara moja. Anayeumwa ni nani?

Mdogo wako


30 Juni

Kaka,

Hujambo? Mama hajambo? Sijapata jibu. Nimepiga simu yako, inaita mpaka inakata. Simu mbovu haiiti hivyo.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Lakini niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Spoku


22 Julai

Mdogo wangu,

Hujanikosea adabu. Mama yupo, wifi yako yupo. Nilianza kukujibu mara kadhaa nikachana. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Mgonjwa ni mimi. Ni mapafu. Daktari anasema ni moshi wa miaka yote ile, umeacha makovu, na yaliyokwisha haribika hayatarudi. Simu haina tatizo lolote. Nikiongea kidogo tu unasikia ninavyohema, na sikutaka usikie.

Mwanzoni mwa mwaka iliungua ghorofa ya duka la magodoro. Moshi wa magodoro ni mzito, unatembea kama kitu chenye mikono. Nilipanda ngazi za ndani kumfuata mlinzi wa duka aliyekuwa amenasa juu, nikafika pale zinapogeuka, nikakaa. Sikuanguka, nilikaa, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Dereva, ambaye kazi yake ni kubaki na gari, alinipita bila neno akamshusha yule mzee mgongoni. Walionitazama kutoka chini walidhani nimekaa pale kuongoza wengine.

Tuliporudi mkuu wa kituo aliniita ofisini akaniuliza nina nini. Ukweli ulikuwa mdomoni, Spoku, naapa ulikuwa mdomoni. Yakatoka mengine. Nikasema mke wangu anaumwa sana, silali, ndiyo maana mwili hauna nguvu. Akaniwekea mkono begani. Akanihamishia kwenye meza ya kupokea simu mpaka mke wangu apone.

Wifi yako aliyajua hayo sokoni, kwa wanawake waliomshika mikono na kumpa pole. Alirudi nyumbani akaweka kikapu chini, akaniuliza, “Nina ugonjwa gani?” Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka ajue la kujibu. Nikamwambia ni pumzi. Akasema sawa.

Nilidhani yataishia hapo. Jumapili moja wakaja kumjulia hali. Walikuja na gari lenyewe la zimamoto, majirani wakatoka nje kutafuta moto uko wapi. Mimi nilikuwa nimekaa navaa viatu, nimevaa kimoja napumzika ndipo nivae cha pili. Wifi yako alikuwa juu ya meza anatundika pazia. Aliliona gari dirishani. Akanitazama. Akashuka, akaenda chumbani, akajilaza na kujifunika shuka mpaka kidevuni, pini bado zimechomekwa kwenye blauzi yake.

Wakaingia mkuu, Dereva na wengine wawili. Walileta matunda na blanketi. Dereva alileta supu aliyoipika mwenyewe, ameifunga sufuria kwa taulo isipoe. Wakasimama kuzunguka kitanda, wakamsifu mgonjwa kwa kuvumilia, wakanisifu mimi. Mkuu alisema wanaume wanaowauguza wake zao kama mimi wamebaki wachache. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimevaa kiatu kimoja, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ndipo akaingia Mama. Akawaona wote wamemwinamia wifi yako, akasema kwa sauti yake ile kubwa ya mtu wa masikio mazito, “Huyo hana kitu. Anayeumwa ni huyu mwanangu, usiku anakohoa mpaka vyombo vinalia.”

Dereva alinigeukia. Nami nikacheka, Spoku. Nikawaambia, “Msimjali. Mama siku hizi anachanganya mambo.”

Mama asiyesikia salamu, hilo alilisikia. Alinitazama kidogo, akageuka, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo nikimwamkia ananijibu, nikimwekea chakula anashukuru, basi. Hachambui tena mboga mlangoni. Akija mgeni anaingia chumbani kwake kabla mgeni hajabisha hodi.

Na bado kuna hili. Mwezi uliopita mwalimu mkuu alimtuma mtu kuja kusema kwamba wamesikia hali ya wifi yako, apumzike, sare zilizobaki za mwaka huu wamempa mshonaji mwingine. Wifi yako alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, utepe shingoni, mzima kama mimi na wewe tulivyokuwa. Mimi nilikuwa chumbani nasikia yote. Ningeweza kutoka. Yeye akasema asante, akafunga mlango, akaanza kukunja vitambaa alivyokuwa ameshavikata.

Hajanilaumu. Angenilaumu ningejua pa kusimama.

Sasa unajua kwa nini nilitaka pedali za pamoja. Mwenye haya nilikuwa mimi, siyo wifi yako. Sijui kama bado ninastahili kukuomba baiskeli. Na nimeona katika barua zako mbili za mwisho shemeji hakunisalimu. Kama ameyahisi haya na amenichoka, ana haki.

Kaka yako


14 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya karakana, tajiri akaniuliza nani amefariki.

La wifi ni lenu wawili, siliingilii. La Mama ni langu pia. Ulimwita aliyechanganyikiwa mbele ya wageni, nyumbani kwake, ilhali yeye peke yake humo chumbani ndiye aliyekuwa anasema kweli. Sitakuambia kwamba si kitu. Nimekasirika mpaka niliharibu gurudumu la mtu, nimekaza spoku likapinda kama bakuli. Sijui hasira hii itaisha lini, na sitajifanya imeisha kwa sababu unaumwa.

Nilikuwa nimekuandikia kurasa nzima za kukusema. Nikazichana, maana nilifika mahali pa kuandika salamu za shemeji yako.

Kaka, shemeji yako hayupo. Aliondoka kabla hujaniandikia barua ile ya kwanza ya Februari. Amehamia mji mwingine, ana nyumba nyingine, na ndani ya nyumba hiyo kuna mtu. Salamu nilizokuletea Machi nilizitunga mwenyewe, hata ule utani wa drafti. Nilikaa mezani nikijiuliza angesemaje, nikacheka peke yangu nilipolipata neno lake. Mei nilishindwa kutunga tena.

Unakumbuka nyumba nzima ilivyonikataza mtu yule. Mama alilia. Wewe peke yako ulisimama upande wangu ukasema, “Mwacheni, anajua anachokichagua.” Ningekuandikiaje wewe, kati ya watu wote, kwamba sikujua? Uliposema simu yako imeharibika nilishukuru. Nilijua ungenipigia ungesema mpe shemeji niongee naye.

Kwa hiyo sina kiti cha hakimu hapa.

Baiskeli iko tayari. Nimeianza tangu Juni bila ruhusa yako, jioni nikimaliza kazi za wateja. Bei usiulize. Fremu inafunguka katikati, imefungwa kwenye maboksi mawili na mchoro wa kuiunganisha, fundi yeyote wa baiskeli atauelewa. Ni ya kila mtu kujitegemea. Na anayekaa mbele ni wifi. Sikukuuliza na sikuulizi. Wa mbele anashika usukani na breki, na mtu ambaye pumzi inaweza kumkatikia barabarani hashiki breki za mwenzake. Kiti cha nyuma nimekipa egemeo, ukichoka uegemee. Miguu yako utaiweka juu ya pedali itulie. Itaonekana imetulia. Hilo siwezi kulificha kwa ufundi wowote nilio nao.

Yeye atafika popote hata kama wewe hukanyagi. Ila daktari amesema ukanyage, basi ukanyage unapoweza.

Mwombe Mama radhi. Na habari zangu mwambie wewe, mimi sitaweza kuzipigia kelele kwenye simu.

Spoku


19 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu zetu zikufikie ukiwa mzima, na kama si mzima, zikukute umekaa mahali pazuri. Habari zako nimezisoma. Mtu huyo mimi nilimpenda, siwezi kukudanganya, na ndiyo maana imeniuma. Nilisema unajua unachokichagua kwa sababu ulikuwa unacheka siku hiyo kuliko nilivyowahi kukuona. Sijutii kusimama upande wako. Kama ni kuona aibu, usinionee mimi. Njoo nyumbani likizo yako ya kwanza. Chumba chako kina vitambaa vya sare, vitaondolewa.

Nilimwomba Mama radhi. Wewe unajua masikio yake. Nilikaa karibu yake jikoni nikasema kwa sauti ya kawaida, akaniambia mvua haijanyesha. Nikapandisha sauti. Nikafika katikati ya sentensi, pumzi ikakata, nikangoja, nikaanza upya. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia jirani anaacha kufua. Nikasema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo kwamba Mama hachanganyi kitu, kwamba mimi ndiye mgonjwa, kwamba nilimdhalilisha mbele ya watu kuficha uongo wangu. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka. Mama akanitazama.

“Sijasikia vizuri,” akasema. “Rudia.”

Nikarudia. Nadhani alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Aliponiona nahema kama mbwa aliyefukuzwa, akaniletea maji, akashika kikombe mwenyewe mpaka nikayamaliza. Habari zako pia nilimwambia, hizo kwa sauti ya chini mdomo sikioni kwake. Hakusema “niliwaambia”. Alisema uje.

Maboksi yalifika mwishoni mwa Septemba. Fundi wa mtaa aliufuata mchoro wako kwa kidole, akasifu. Rangi ni nzuri. Tulijifunzia uwanjani nyuma ya nyumba, tukaanguka. Wifi yako anakanyaga haraka haraka kama anavyoshona, mimi ni mtu wa hatua ndefu, baiskeli ikawa inacheza huku na huku. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze. Kidogo kidogo tukazoeana, kila mtu na mdundo wake, na chombo hakiyumbi tena.

Kisha tukatoka barabarani, twende shuleni. Nilikuwa nimepanga moyoni mwangu. Tukikaribia kituo nipumzike kabisa, nikusanye pumzi, halafu mbele ya geti nikanyage kwa nguvu zote mpaka tupite. Baada ya yote, Spoku, bado nilikuwa nimepanga hivyo. Walikuwa nje wanaosha gari. Nikaanza kukanyaga mapema mno. Kabla ya geti kifua kikafunga, miguu ikasimama, nikaegemea lile egemeo lako. Na wifi yako, badala ya kupita, akashika breki.

Hakugeuka. Alisema, “Shuka uwaambie.” Siku zote hizi hakuwa ameniomba kitu.

Nikashuka. Wakatuzunguka, wakampongeza wifi yako kwa kupona. Nikawaambia mke wangu hajawahi kuumwa hata siku moja. Nikawaambia siku ya magodoro nilikaa kwa sababu sikuweza kusimama. Nikawaambia la Mama pia. Yalitoka kwa vipande, na kati ya kipande na kipande walikuwa wanasikia wenyewe kifua changu, kwa hiyo ushahidi haukuhitajika.

Mkuu akasema kazi yetu ni kuingia ndani ya moshi ukimwamini aliye nyuma yako, na kwamba ningemwambia ule ukweli siku ile angenipa meza ile ile. Meza ile ile, Spoku. Akasema nimletee karatasi ya daktari, atafikiri. Bado anafikiri.

Dereva alikuwa anakunja mpira wa maji, akaendelea kuukunja. Nilipokwisha kupanda tena ndipo akauliza bila kuinua uso, “Ile supu nani aliinywa?”

Nikasema mimi.

Akatikisa kichwa, akaendelea na mpira wake. Mpaka leo hajaja kwetu. Nimemtumia salamu, hazijarudi.

Shuleni mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatusikiliza, akasema kazi ya mwaka huu imekwisha toka na mshonaji mwingine ameianza, haitakuwa haki kumnyang'anya. Ni kweli. Nilitaka kusema neno, wifi yako akanigusa mkono ninyamaze. Akamwomba amkumbuke mwakani, akaaga.

Tulirudi kwa njia ya sokoni mpaka chini ya ule mlima. Ilikuwa jioni, watu wanatoka kazini, wengi tunaofahamiana. Nilikuwa namtazama mgongo wake, blauzi imelowa jasho kwa kunibeba mchana kutwa. Nikamuuliza kama ananionea aibu.

“Aibu nitaiona nyumbani,” akasema. “Hapa kuna mlima.”

Nikaanza kukanyaga. Alihisi, maana alinyanyua kichwa kidogo, na chombo kikawa chepesi kwetu wote wawili. Tukapita nguzo ya kwanza. Tukaikaribia ya pili, hewa ikagoma kooni. Nikaacha. Miguu yangu ikatulia juu ya pedali mbele ya macho ya watu wote wale, na mke wangu akaendelea kupanda.

Kaka yako